Boti Katika Mji Usio na Maji

Msibani Mlowo, wasifu wa marehemu Gidioni ulisomwa na mpwa wake, kijana mwenye sauti ya mtangazaji wa redio. Alizaliwa Ruanda ya Mbozi, akabatizwa, akasoma, akajifunza ufundi, akaja Mlowo, akafungua gereji ya mashine za kusaga mahindi na kukoboa kahawa, akaoa, akajaliwa watoto, akawa mzee wa kanisa. Mimi nilikuwa nimekaa mkekani na akina mama, khanga nimejifunga kiunoni kama wenzangu, na nilisikia wazi mahali wasifu uliporuka. Kati ya kujifunza ufundi na kuja Mlowo kulikuwa na mwaka mzima wa Tunduma, na mwaka ule ulikuwa wangu pia. Sikumkasirikia kijana, alisoma alichopewa. Nilimkasirikia marehemu, Mungu anisamehe, maana ni yeye aliyewasimulia wanawe maisha yake na kuiacha ile boti nje. Mama mmoja pembeni yangu, aliyeona ninafuta macho, akaniuliza, "Dada, wewe ulimfahamia wapi?" Nikamwambia, "Kazini." Akasema, "Pole sana, wa kazini nao ni ndugu," akanisogezea kikombe cha chai. Nilikunywa chai ile nikaona kwamba kama mimi sitausema mwaka ule, hakuna mwingine wa kuusema.

Gereji yetu ilikuwa nyuma ya foleni ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka. Udongo wa uani ulikuwa mweusi kwa oili hata mvua ikinyesha maji yalikimbia juu yake bila kuingia. Kulikuwa na chumba kimoja cha mbao cha kuwekea spea, na humo ndimo tulimokula, tukikalia matairi, sahani juu ya boksi la gia lililogeuzwa. Gidioni alikuwa fundi wa injini, mimi fundi wa umeme, nimetoka chuo cha ufundi Mbeya na cheti ambacho madereva walikuwa wakikiangalia, kisha wananiangalia mimi, kisha wanauliza fundi yuko wapi. Gidioni alikuwa akiwajibu, "Huyo huyo." Alikuwa na tabia ya kuegemeza bisibisi ndefu kwenye injini na mpini wake sikioni, afumbe macho, asikilize kama daktari, halafu aseme silinda ipi inaumwa. Sikuwahi kumwona akikosea. Chakula alituletea Bi Mwanaidi, mama wa Kondoa aliyekuwa akipika chapati na maharage kwenye lango letu, na ambaye pia ndiye mwenye nyumba niliyopanga. Aliniita mkwe kabla Gidioni hajatamka lolote. "Mkwe, njoo umchukulie mumeo mchuzi," anasema mbele ya madereva, na mimi naona haya, na mchuzi nauchukua.

Siku Gidioni alipotamka, tulikuwa tunakula. Alisema wazee wake wangekwenda kwetu Ikinga mwaka ule ule, kama mimi sina kipingamizi. Nilisema sina. Kisha akanieleza jambo moja ambalo alisema nilijue mapema ili nisije nikamlaumu. Baba yake alikuwa seremala kule Ruanda, na katika nyumba yao hakuna sherehe iliyofanywa wakati kazi ya mtu imelala uani haijaisha. Si ubatizo, si harusi, hata Krismasi waliwahi kuila Januari kwa sababu ya kitanda cha watu kilichokosa miguu. Mzee alikuwa akisema huwezi kuwaalika watu kula huku mwenzao mmoja anasubiri chake. Mimi nilicheka. Niliona ni utaratibu mzuri wa mtu mwaminifu, na gereji yetu ilikuwa inamaliza kazi kwa siku mbili tatu. Sikujua kwamba boti ilikuwa njiani.

Ilikuja juu ya lori kutoka kusini, nyeupe, ndefu, ina paa dogo na viti vya kukunja, ikasimama Tunduma ambako maji ya kutosha kuoga tu ni habari. Watu walijaa uani. Dereva mmoja Mzambia akauliza kama tumeoteshwa gharika, mwingine akaomba wanyama wake wawili wawili waandikishwe mapema. Boti ilikuwa ya kanisa moja lenye zahanati kandokando ya Ziwa Rukwa. Marafiki zao wa nje waliwapa zawadi, na kama zawadi nyingi za namna hiyo, ilikuwa nzuri sana upande unaopigwa picha. Injini zake mbili za nyuma zilikuwa zimekwisha. Mchungaji, mtu mpole mwenye kofia ya sufu hata jua likiwaka, alizungumza nasi akiwa amesimama. "Wanangu, akina mama wa vijiji vya ng'ambo wanaletwa zahanati kwa mitumbwi. Mwaka jana tulizika wawili. Nimeambiwa hapa ndipo penye mkono. Mvua zikianza barabara inakatika, inabaki ziwa tu." Gidioni alizunguka boti mara moja, akagonga injini kwa kifundo cha kidole, akasema, "Kabla ya mvua itakuwa majini, Mchungaji." Kisha akanigeukia mimi, kwa sauti ya chini, uso unang'aa: "Tukimaliza hii tu, wazee wanakwenda Ikinga."

Injini mpya, yaani mpya kwetu, tulizipata ng'ambo ya mpaka, Nakonde, kwa Ba Chanda, mzee aliyekuwa akinunua vitu vya hoteli zilizofungwa. "Mwapoleni mukwai," alitusalimia, akatupeleka nyuma ya nyumba yake ambako injini mbili zilikuwa zimelazwa juu ya majani ya migomba. Zilikuwa za kampuni ile ile ya zile za zamani, nguvu ile ile, za miaka ya karibuni zaidi. Gidioni aliegemeza kiganja chake juu ya moja. Mimi niliangalia nyaya. Zilikuwa zimekatwa kwa koleo, fupi, zinaning'inia kama mkia uliokatika. Nikamuuliza Ba Chanda viko wapi vilivyokuwa upande wa pili wa nyaya hizi, yaani mikono ya gia, funguo, skrini. Akacheka kwa wema, akakataa kwa Kibemba. "Awe, sista! Vile vilibaki kwenye boti, boti ikaenda kwa mtu mwingine. Nyaya ni nyaya, utaunga tu." Na hapo ndipo ulipokuwa ugonjwa wetu wote sisi watu wa mpaka. Sisi tulizoea malori. Lori likiletwa limekufa waya, unaunga, linakwenda Lusaka. Tunduma yote iliishi kwa kuunga. Gidioni alilipa siku ile ile.

Injini zilikaa kwenye mgongo wa boti kana kwamba zilitengenezwa kwa ajili yake, matundu ya bolti yakalingana, na Bi Mwanaidi akapiga kigelegele. Kwa Gidioni kazi ilikuwa imekwisha siku ile. Kwangu ndiyo kwanza ilianza. Boti zile za kisasa mkono wa gia hauvuti kebo ya chuma. Una waya tu. Unausukuma, wenyewe unatuma ujumbe kwenye ubongo wa injini, ubongo unasoma, ndipo injini inaingiza gia na kupanda kasi. Sasa mikono iliyokuwa kwenye boti ilikuwa ya kizazi cha injini za zamani, soketi zake zilikuwa na pini nyingine na ujumbe wake ulikuwa mwingine. Ilikuwa kama kumwagiza mtu dukani kwa lugha asiyoijua, anakutazama, anatabasamu, haendi. Tulikata pipa, tukalijaza maji, tukazamisha mguu wa injini ili tuijaribu hapo hapo uani. Iliwaka vizuri, ikanguruma chini chini, na ukisukuma mkono haikupanda hata kidogo, ilipiga king'ora tu. Tukiwasha zote mbili, skrini ilionyesha moja, kwa sababu kila moja ilijitambulisha kuwa ndiyo ya kushoto. Skrini ya pili ya kuazima nayo haikusaidia. Nilikaa ndani ya boti ile, juu ya tela lililoachwa uani, na kipimo cha umeme mapajani, miezi ya kiangazi yote, nikiona kutoka juu foleni ya malori, mahindi yakikauka juu ya mapaa, na Gidioni chini akifanya kazi za wengine huku akiinua macho kila baada ya muda. "Vipi?" "Bado." Ndivyo tulivyochumbiana.

Mimi sikuwa najua boti. Nilimtafuta kwa simu fundi mmoja wa Mwanza anayetengeneza boti za ziwani, nikamweleza, naye hakunificha. Alisema injini, mikono, funguo, skrini na nyaya zake lazima viwe vya familia moja, vitoke boti moja vikiwa pamoja, kisha kila injini ifundishwe kwa mashine yake kwamba wewe ni wa kushoto na wewe ni wa kulia. Kama hamna hivyo, alisema, rudisheni hizo, mtafute injini za zamani za kebo ya chuma, zisizo na maneno mengi. Ziwa Rukwa halihitaji skrini. Nilimpelekea Gidioni maneno hayo ndani ya chumba cha spea, tukiwa wawili, sahani ya ugali na dagaa kati yetu. Alitafuna hadi akamaliza. "Nizirudishe kwa Ba Chanda niseme nimeshindwa na waya?" Nikamwambia hakuna aliyeshindwa, vitu havifanani tu. "Subi, mimi nilimwahidi yule mzee mbele ya watu." Nilimwambia tena baada ya wiki, nikamwambia tena mwezi uliofuata, kila mara ndani, kila mara kwa adabu, kama nilivyofundwa. Mvua zilikuwa zinakaribia, na huko Ikinga mama alikuwa ameshaanza kumnenepesha jogoo.

Kisha akafanya jambo la ajabu, na lazima nimpe haki yake, ilikuwa akili kubwa. Aling'oa pedeli ya mafuta ya lori lililopata ajali, ile ya umeme, akaifunga kwenye boti mahali pa mkono, akawa anaituma injini kupanda kwa volti za pedeli. Gia akaiwekea mota ndogo na swichi mbili za mlango wa gari. Injini ikapanda. Maji yakaruka kutoka pipani, madereva wakashangilia, na hata mimi nilipiga makofi, kwa sababu niliona harusi na Ikinga na kila kitu. Furaha yangu haikuvuka usiku mmoja. Asubuhi iliyofuata niliingia botini peke yangu kusafisha mikato ya waya, nikageuza ufunguo. Gia ilikuwa imebaki ndani. Injini iliwaka na kupanda hapo hapo, panga lake la kusukumia maji likalichana pipa kama karatasi, maji yakamwagika uani kote, kuku wa Bi Mwanaidi wakaruka ukuta na sufuria ya maharage ikafuata. Gidioni alikuja mbio, akahakikisha nina mikono yote miwili, halafu akasema, "Umewasha na gia ndani." Nikasema, "Haikutakiwa kuwaka na gia ndani." Injini zile zina waya mmoja ambao unazikataza kuwaka mpaka gia itoke. Niliufuata waya ule kwa vidole. Alikuwa ameuunga moja kwa moja, usikataze tena, maana bila kuuunga mota yake ya gia isingekubali. Wala king'ora cha kuonya injini ikichemka hakikuwa na mahali pa kulia.

Nilimweleza kwamba siku moja mama mwenye uchungu atakuwa anapandishwa, miguu majini, na mtu atageuza ufunguo. Alinijibu kwamba nahodha ataelekezwa. Mchana ule nilikuwa nimejibanza nyuma ya mbao za chumba cha spea, natafuta fyuzi, nikamsikia upande wa pili akimwambia Bi Mwanaidi, "Subi anaona waya, mimi hanioni." Na Bi Mwanaidi akasema, "Baba, maharage yangu niliyaona yakimwagika." Nilikaa pale chini na fyuzi mkononi. Miaka yote hii nimemjibu Gidioni sentensi ile kichwani mwangu, nikiosha vyombo, nikiwa kwenye basi. Nilikuwa namwona. Nilikuwa simwoni mwingine.

Mchungaji alikuja na wazee wawili wa kanisa wakati mawingu yameshaanza kukaa juu ya Mbozi. Gidioni alikuwa ameleta pipa jipya na kuvaa shati jeupe. Aliwasha, alipandisha, alishusha, kila kitu kikatii. Wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika, mmoja akaanza kutafuta maneno ya sala. Mchungaji akavua kofia yake. "Gidioni mwanangu, iko salama?" "Iko salama, baba." Ingeishia hapo kama Mchungaji asingekuwa mtu wa kuuliza kila aliyepo, hata mpishi. Akageuka. "Na wewe binti yangu, wewe ndiye mwenye nyaya. Unasemaje?" Gidioni hakuniangalia. Alikuwa anafuta mikono yake kwa kitambaa ambacho tayari kilikuwa kisafi. Nilisema, "Shikamoo tena, baba. Mimi mama yangu nisingempandisha." Hakuna aliyepaza sauti. Mchungaji aliniomba nieleze, nikaeleza, kwa maneno machache, na Gidioni akaendelea kufuta mikono. Mchungaji alirudisha kofia kichwani akasema, "Basi tumshukuru Mungu tumeuliza."

Boti ilichukuliwa wiki ile. Watu wengine, huko Mbeya, waliifungia injini za zamani za kebo, na kabla mvua hazijakolea ilikuwa ziwani ikibeba watu. Bado ilikuwa inafanya kazi mara ya mwisho niliposikia habari zake, na najua nilitenda sawa, najua hivyo kama ninavyolijua jina langu. Hilo ndilo linalonisumbua. Mtu aliyekosea anaweza kutubu akapumua. Mimi sina cha kutubu, nina cha kujutia tu, na majuto yasiyo na kosa hayana mlango wa kutokea.

Gidioni alikuja chumbani kwangu baada ya boti kuondoka. Alikaa kwenye kiti kimoja nilichokuwa nacho, mimi kitandani, mlango wazi kwa heshima ya Bi Mwanaidi. "Ungeniambia nyumbani," alisema. Nilimwambia, "Nilikwambia nyumbani, mara ngapi?" "Pale mbele ya wazee ungenyamaza, mimi ningerekebisha baadaye." "Kwa kitu gani, Gidioni? Vifaa havikuwepo." Alikubali kwa kichwa. Hakuwa mjinga, alijua. Alitazama mikono yake, kisha akasema kwa sauti yake ya kawaida, ile ya kusema silinda ipi inaumwa, kwamba uani sasa hakuna kazi ya mtu, na Jumamosi wazee wangefika Ikinga. Nilimsindikiza hadi langoni. Nilidhani tumepona.

Niliyasikia mengine baadaye kwa Bi Mwanaidi. Gidioni alimwambia kwamba alikaa akaipima sheria ya baba yake akaona kazi iliyochukuliwa si kazi iliyokwisha, na kwamba hawezi kwenda kuomba binti wa watu na mikono iliyonyang'anywa kazi mbele ya macho ya binti huyo huyo. Akahamia Mlowo. Huko hakugusa tena chombo chenye ubongo wa umeme, ni mashine za kusaga na kukoboa, mikanda na puli, vitu anavyoweza kuvisikiliza kwa bisibisi. Na Mlowo si mbali. Nimepita hapo kwa basi sijui mara ngapi, wachuuzi wakiinua vikapu dirishani, na kila mara nilijiambia ni yeye aliyeahidi, basi ni yeye wa kuja. Laiti ningeshuka. Ningemwambia neno moja tu pale gerejini kwake, hata kama ni salamu, hata kama tayari ameoa. Nilikuwa na kiburi cha mtu aliyesema kweli, nacho hakina dawa.

Jumamosi ile Ikinga mama alitoa viti vyote nje, vya kwetu na vya kuazima, akavipanga kivulini, akaweka kitambaa cha kufuma juu ya meza. Shangazi zangu walikuja wamevaa vitenge vya sare. Jogoo alichinjwa asubuhi, ndizi zikapikwa, wali ukafunikwa kwa majani ukae na moto. Tulisikiliza kila pikipiki iliyopanda kilima. Shangazi mkubwa akasema labda mvua imewakwamisha huko chini, ingawa kwetu jua lilikuwa linawaka. Saa za kula zikapita. Mmoja mmoja shangazi wakakumbuka mbuzi wao, watoto wao, wakaaga bila kuniangalia. Mama hakuniuliza kitu mpaka jua lilipofika nyuma ya migomba, ndipo akainuka, akaanza kurudisha viti ndani, vya kuazima akivitenga pembeni. Nilimsaidia. Tulipofika kwenye kiti cha mwisho alinishika mkono, nikamweleza kila kitu, pipa, waya, Mchungaji na neno nililosema kumhusu yeye. Alisikiliza hadi mwisho. "Ulisema kweli, mwanangu," akasema. "Njoo tule." Tukakaa wawili mezani, tukafunua sufuria, tukala kuku wa wageni, na alikuwa mtamu.